Nguvu ni Nusu ya Kazi: Majibu Yako Nyuma ya Gari

Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, matairi ya nyuma yanafuka moshi, na gari linajikongoja kutoka lilipokuwa. Waliosimama pembeni wanashangilia, na dereva anaamini ameonyesha nguvu. Ameonyesha nguvu inayopotea. Kila chembe ya moshi ule ni mafuta yaliyolipiwa na mpira ulionunuliwa kwa fedha, na hakuna hata kimoja kilichosaidia kulisogeza gari.

Kinachofuata kinajulikana katika gereji nyingi. Kijana anarudi kwa fundi na kuomba turbo kubwa zaidi. Au ananunua springi ngumu kwa sababu rafiki yake amezifunga, kisha shokapu za rangi, kisha difu ya gari jingine. Kila spea inafungwa kwa matumaini, na tatizo linabaki palepale. Hoja ya makala haya ni moja: gari linalokosa mshiko huacha ushahidi wazi, na ushahidi huo una mpangilio wake wa kusomwa. Anayeusoma kabla ya kufungua pochi hutumia fedha kidogo na hulijua gari lake.

Kwa nini tuzungumzie mbio za dragi, zile za kuondoka kwa kasi kwenye njia fupi iliyonyooka, tukiwa Buhare? Kata hii ya Manispaa ya Musoma inajulikana zaidi kwa Chuo chake cha Maendeleo ya Jamii kuliko kwa magari ya kasi, na katika ukanda huu wa Afrika mchezo wa magari uliozoeleka ni rali. Lakini dragi ni jaribio gumu kuliko yote la kitu ambacho kila dereva wa Musoma, Bunda na Butiama anakihitaji kila siku: magurudumu ya nyuma kuishika ardhi wakati injini inayasukuma. Hiace inayopandisha kilima ikiwa na abiria, pikapu tupu inayoondoka kwenye murram iliyolowa, Altezza ya kijana aliyeitunza kama mboni ya jicho, yote hutii kanuni zilezile. Dragi huzikusanya kanuni hizo ndani ya sekunde chache na kuzifanya zionekane.

Hesabu isiyodanganya

Tuanze na hesabu. Chukua saluni ya kilo 1,200 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Tuseme asilimia 55 ya uzito iko mbele na 45 nyuma, yaani magurudumu ya nyuma yamebeba kilo 540. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.5, na kitovu cha uzito kiko sentimita 55 kutoka ardhini. Tairi zuri la kawaida kwenye lami kavu hushika kwa takriban asilimia 90 ya uzito unaoligandamiza.

Gari likiwa limesimama, mshiko wa nyuma unaonekana kuwa kilo 486 tu. Linapoondoka, sehemu ya uzito huhama kutoka mbele kwenda nyuma. Kiasi kinachohama hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari na mchapuko wake, kisha kuzidisha na urefu wa kitovu cha uzito, halafu kugawanya kwa umbali wa ekseli. Gari hili likichapuka kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, kilo 132 huhamia nyuma. Sasa magurudumu ya nyuma yamebeba kilo 672, na mshiko umefika takriban kilo 605. Kusukuma kilo 1,200 kwa mchapuko huo kunahitaji kilo 600. Hapo ndipo dari ilipo. Injini iwe na nguvu za farasi 150 au 600, kwa matairi hayo na umbo hilo gari haliwezi kuondoka kwa mchapuko mkubwa zaidi. Ziada yote inakuwa moshi.

Gari lilelile likivutwa na magurudumu ya mbele lingekomea kwenye mchapuko wa takriban 0.41 ya nguvu ya mvutano wa dunia, maana uzito unayakimbia matairi yanayofanya kazi. Ndiyo sababu magari ya dragi yenye nguvu kubwa husukumwa na magurudumu ya nyuma, au yote manne.

Katika hesabu hiyo kuna somo ambalo wengi hulikosa. Ugumu wa springi haumo kabisa. Gari likikalia matako na kunyanyua pua, watu husema uzito umehamia nyuma. Kwa kweli kiasi cha uzito kinachohama huamuliwa na mchapuko, urefu wa kitovu cha uzito na umbali wa ekseli. Kazi ya saspensheni ni kuamua uzito huo unafika kwa haraka kiasi gani, kwa utulivu kiasi gani, na kama unakaa juu ya tairi au unaruka na kurudi. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kutoka mchangani analijua jambo hili kwa miguu yake: akikurupuka, unyayo unachimba mchanga na mtumbwi haujasogea, akiegemea kwanza, akaacha mguu ushike, ndipo hutia nguvu yote.

Waliotangulia walijifunza hivyo

Shirika la mbio za dragi la Marekani, NHRA, lilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951, na kwa miaka mingi umbali wa kawaida ulikuwa robo maili, yaani mita 402. Mwaka 1959 kundi la wahandisi wa Chrysler waliojiita Ramchargers liliingia mashindanoni na Plymouth ya mwaka 1949 iliyonyanyuliwa juu isivyo kawaida. Walikuwa wameipiga hesabu tuliyoiona: kitovu cha uzito kikipanda, uzito mwingi zaidi huhamia nyuma. Mwaka 1965 Chrysler ilikwenda mbali zaidi. Kwenye baadhi ya magari ya Dodge na Plymouth ya mashindano, ekseli ya nyuma ilisogezwa mbele kwa takriban sentimita 38 na ya mbele kwa sentimita 25, ili sehemu kubwa ya gari ikalie matairi yanayosukuma. Umbo lilikuwa la ajabu, lakini mshiko uliongezeka.

Karibu zaidi nasi, nchi za Ghuba wanakoishi Waswahili wengi zimeuchukua mchezo huu kwa moyo wote. Qatar ina njia yake mjini Doha, Bahrain inayo katika uwanja wa Sakhir. Timu ya Al-Anabi, iliyomilikiwa na Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani wa Qatar, ilitwaa ubingwa wa NHRA wa daraja la Top Fuel miaka ya 2010, 2011 na 2013. Magari ya daraja hilo yana zaidi ya farasi 10,000, na hayana springi wala shokapu nyuma. Kazi hiyo hufanywa na chasisi inayopinda na matairi marefu yanayokunjamana. Klachi ya magari hayo huachwa iteleze kwa makusudi mwanzoni, ili matairi yasipewe nguvu kuliko yanavyoweza kubeba. Wenye nguvu nyingi kiasi hicho ndio wanaoipunguza kwa uangalifu mkubwa kuliko wote.

Na Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilipata mgeni mpya miaka ya themanini: Audi Quattro, inayosukumwa na magurudumu yote manne. Wengi walitarajia itatawala mara moja. Lakini mwaka 1983 mshindi alikuwa Ari Vatanen akiendesha Opel Ascona 400, kisha Toyota Celica ya turbo ikashinda mara tatu mfululizo, mwaka 1984 na 1986 kwa mikono ya Björn Waldegård na mwaka 1985 kwa Juha Kankkunen. Magari yote hayo yalisukumwa na magurudumu ya nyuma kwa ekseli nzima ya chuma, ya aina ambayo fundi yeyote wa mkoa wa Mara anaijua. Audi ilisubiri hadi 1987. Teknolojia rahisi iliyopangwa vizuri na kuhimili barabara iliishinda teknolojia mpya kwa miaka minne.

Ushahidi wa kwanza: tairi

Utambuzi uanzie pale gari linapogusa ardhi. Kabla ya kuweka jeki, pima upepo wa matairi yote mawili ya nyuma yakiwa baridi. Pima mzunguko wa kila tairi kwa futi ya kamba. Tairi moja likiwa kubwa kuliko jingine, difu hufanya kazi bila kupumzika na gari huvuta upande. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye ubavu wa tairi. Mpira wa zamani hukakamaa, na tairi la mtumba lenye meno mazuri linaweza kushika vibaya kuliko jipya la bei nafuu.

Kisha soma alama ambayo tairi limeiacha kwenye lami. Alama nyeusi pembeni na hafifu katikati inasema upepo ni mdogo. Nyeusi katikati tu inasema upepo umezidi. Tairi la mashindano lisilo na meno huendeshwa kwa upepo mdogo sana kwa sababu limejengwa kwa kazi hiyo. Tairi la barabarani likipewa upepo wa namna hiyo linaweza kuchomoka kwenye rimu, na halipaswi kushuka chini ya kiwango cha mtengenezaji linapotumika barabarani. Na tairi la kawaida lililoisha hadi kuwa kipara halina undugu na lile la mashindano: mpira wake ni mgumu, na mvua ikinyesha halina pa kupitishia maji.

Alama moja au mbili

Hesabu alama. Zikiwa mbili zinazolingana, magurudumu yote mawili yanafanya kazi pamoja. Ikiwa moja, difu ni ya kawaida na gurudumu moja limekosa uzito. Difu ya kawaida hugawa msukumo sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo upande dhaifu ndio unaopanga kiwango cha wote wawili.

Mara nyingi alama hiyo moja huwa ya kulia. Propela inapozungusha difu, ekseli nzima hujaribu kupinda: upande wa kushoto unakandamizwa chini, wa kulia unanyanyuliwa. Kwa Wamarekani, ambao dereva wao huketi kushoto, tatizo huongezeka. Kwetu dereva huketi kulia, na uzito wake huurudishia upande dhaifu sehemu ya ulichopoteza. Kwa hiyo ukiona gari la Tanzania linachoma tairi la kulia peke yake hata dereva akiwa ndani, kagua springi ya upande huo: huenda imechoka au jani limekatika.

Kujua aina ya difu hakuhitaji kuifungua. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma na uliegemeze gari kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Gia ikiwa huru, zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likizunguka upande uleule, ni ya kuzuia mteleziko au imefungwa. Kuchomelea difu ili iwe moja kumeenea kwa vijana wa mbio, lakini gari hilo likirudi barabarani kila kona huvuta matairi na kuzitesa shafti, na kwenye utelezi nyuma inaweza kumponyoka dereva.

Inateleza lini?

Hapa ndipo simu ya mkononi inapokuwa chombo cha kazi. Mtu asimame pembeni mahali salama, achukue picha ya mwendo wa taratibu ya tairi la nyuma na tao la bodi juu yake. Swali ni moja: tairi linateleza papo hapo, au baada ya mita moja au mbili?

Likiteleza papo hapo, uzito umechelewa kufika. Pengine shokapu za mbele ni ngumu kiasi cha kuizuia pua isinyanyuke, au dereva ameachia klachi kwa mizunguko mingi mno. Jaribu kwanza kuondoka kwa mizunguko michache zaidi. Jaribio hilo halina gharama, na huleta jibu mara nyingi kuliko spea yoyote.

Likishika kwanza kisha likateleza, tazama tao la bodi. Ukiona bodi ya nyuma inaruka juu na kuachana na tairi, mikono ya saspensheni imelipiga tairi chini kwa nguvu, halafu uzito umerudi juu. Dawa ni shokapu ya nyuma inayozuia kunyooka kwa haraka, au, kwa gari lenye mikono inayorekebishwa, kupunguza pembe inayosababisha pigo hilo. Ukiona bodi inazama hadi kugonga raba za kizuizi, springi imeishia hapo, na tangu sekunde hiyo gari halina saspensheni.

Alama zikiwa zimekatikakatika, giza na mwanga kwa zamu, na ndani ya gari unasikia mtetemo mzito, gurudumu linarukaruka. Hali hii ipewe kipaumbele, kwa sababu huvunja shafti, jointi za propela na meno ya difu. Acha mafuta mara moja. Kwenye ekseli yenye springi za majani chanzo chake ni majani kujikunja: msukumo unaigeuza ekseli, pua ya difu inanyanyuka, majani yanapinda kama herufi S, yanajinyoosha kwa ghafla, na mzunguko unaanza upya. Kagua yu-bolti, senta bolti na bushi za macho ya springi. Kwenye Altezza au Mark X, ambazo kila gurudumu la nyuma lina mikono yake, anza na bushi za mikono, za fremu ya nyuma na za kushikilia difu. Raba iliyochanika huruhusu kitu kizima kusogea mbele na nyuma, na hakuna shokapu ya bei yoyote itakayoziba pengo hilo.

Jambo moja kwa wakati mmoja

Kanuni inayomtenganisha fundi na mbahatishaji ni hii: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha upepo, shokapu na springi siku moja na gari likapona, hujui kipi kimeponya. Likizidi kuugua, hujui kipi kimeharibu. Daftari liwe na tarehe, hali ya hewa, hali ya barabara, upepo wa kila tairi, mizunguko ya kuondokea na matokeo. Katika dragi kipimo muhimu kuliko vyote ni muda wa mita 18 za mwanzo, maana kila sehemu ya sekunde inayookolewa hapo huzaa faida kubwa zaidi mwishoni.

Andika pia mahali ulipo. Musoma iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza hapa takriban asilimia 10 hadi 12 ya nguvu yake, ilhali mshiko wa tairi haupungui kwa sababu ya mwinuko. Hii ina maana kwamba gari lililotoka pwani likishika vizuri, kisha likaanza kuteleza huku kwetu, injini haina hatia. Mtuhumiwa ni tairi, vumbi la barabarani au saspensheni.

Faida kwa asiyeshindana

Dereva wa Hiace au pikapu anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Pikapu tupu ina uzito mdogo nyuma na springi ngumu zilizokusudiwa mzigo. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi ekseli hudunda, tairi linaachana na ardhi mara kwa mara, na nyuma inatambaa kando. Madereva wengi huongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi, na hivyo huongeza hatari ya safari ya kurudi tupu. Shokapu iliyovuja ibadilishwe kabla ya springi kuongezwa, na zibadilishwe mbili kwa pamoja. Yu-bolti zikazwe upya baada ya siku chache za kazi tangu springi zifunguliwe, kwa sababu majani hukaa. Tairi linalolika kwa mabaka ni ushahidi wa kurukaruka uleule tuliouona kwenye gari la mbio, isipokuwa huku unaandikwa polepole.

Mteja naye ana haki ya kuuliza. Fundi akisema shokapu zibadilishwe, muulize ameona nini: mafuta yaliyovuja, bushi iliyochanika, au gari linalodunda mara kadhaa likikandamizwa? Fundi mzuri hufurahia swali hilo, maana linampa nafasi ya kuonyesha kazi ambayo haionekani kwenye risiti.

Jambo la mwisho ni uhai. Hakuna jaribio lolote lililoelezwa hapa linalostahili kufanywa barabarani, iwe usiku wa manane au alfajiri. Barabara zetu zina watembea kwa miguu, bodaboda, ng'ombe na watoto wa shule, na gari linalokosa mshiko kwa sekunde moja halichagui litakayemgonga. Mchezo wa dragi ulijengewa sheria na njia zake kutokana na vifo vya barabarani. Hata baada ya hapo, kifo cha dereva Scott Kalitta mwaka 2008 kiliifanya NHRA ipunguze umbali wa magari yake yenye nguvu zaidi hadi takriban mita 305. Vijana wa Mara wenye kipaji cha magari hawapungui, na viwanja vilivyofungwa, vyenye ruhusa, msimamizi na gari la wagonjwa vinaweza kuandaliwa kwa siku moja kama inavyofanyika kwa rali. Halmashauri, vyuo vya ufundi na vyama vya michezo ya magari vikikaa meza moja, vijana hao watapata mahali pa kupima walichojifunza. Kila mmoja wao aje na daftari lake, na kazi ianzie kwenye upepo wa tairi la nyuma.